Rimu iliyopasuka Bisil

Leo tuweke kompyuta kando kidogo. Nina habari ya baiskeli, na si nzuri.

Mwezi wa Juni 2024 mpwa wangu aliazima baiskeli yangu kwenda soko la mifugo la Bisil. Karibu na soko mbuzi wakavuka lami, akakamata breki ya mbele, na rimu ikapasuka. Sisemi tairi, nasema rimu yenyewe. Ukuta mmoja ulifunguka kama mkebe wa samaki, tyubu ikalipuka, gurudumu likakwama. Alivunjika mtulinga. Lori lililokuwa nyuma yake lilikuwa mbali, namshukuru Mungu.

Aliponipigia simu neno lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, pole, nimeharibu baiskeli yako."

Basi sikilizeni nani aliyeiharibu. Mwisho wa 2023 tulikuwa na mvua za El Nino, kisha masika ya 2024 yakaja kwa fujo zaidi. Wakati wote huo niliendesha kwenye tope na kuvuka vijito vya msimu vilivyojaa mchanga. Kila nikifunga breki nilisikia krrr, krrr. Nikajiambia ni tope tu, litakauka lianguke. Mimi ambaye kazini nikiona onyo moja kwenye logi silali!

Sauti ile ilikuwa mchanga uliojichomeka kwenye raba za breki. Mawe ya upande huu wa Kajiado ni ya kale, yana kwatzi nyingi, na mchanga wake ni huohuo. Kwenye kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi iko kwenye 7. Alumini, ambayo ndiyo rimu yangu, haifiki hata 3. Kwa hiyo raba laini ikishika mchanga inageuka msasa, na kila ukisimama unakwangua ukuta wa rimu kidogo. Maji yanazidisha, kwanza yanabeba mchanga hadi pale, pili breki iliyolowa haishiki vizuri kwa hiyo unabana kwa nguvu na kwa muda mrefu. Huku nje inakwanguliwa, ndani hewa ya tairi inausukuma ukuta uleule utoke nje. Siku moja unashindwa.

Fundi wa pale Bisil aliipindua rimu mkononi akasema, "Boss, hii ilikufa kitambo." Nikachukua kalipa nikapima kando ya ufa. Milimita 0.6. Sehemu ambayo ukuta haukuguswa na raba ilikuwa 1.5.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba rimu ile ilikuwa na alama. Nyingi za siku hizi zina mfereji mwembamba umezunguka ubavuni, au kitundu kidogo, na kikifutika ujue imekwisha. Wangu ulikuwa umefutika karibu wote, chini ya tope ambalo sikuwahi kulipangusa. Hata bila alama, ukiweka ukingo wa rula ubavuni mwa rimu ukaona mwanga katikati, ukuta umeliwa.

Jirani yangu mzee ana Black Mamba ya tangu zamani na haya hayamhusu. Breki yake ya vyuma huvuta raba juu, zikagusa rimu upande unaotazama kitovu cha gurudumu, wala si ukuta unaoshika tairi. Na rimu ni ya chuma. Ila mvua ikinyesha haisimami kabisa, mwenyewe husimamisha kwa kandambili!

Nimenunua rimu mpya na raba mpya. Kila jioni ya mvua nazimwagia maji, na Jumamosi natoa raba nichokoe punje za mchanga kwa sindano ya kushonea. Dakika kumi tu. Mpwa wangu amepona, ila Bisil sasa huenda kwa matatu. Nilimwambia baiskeli iko tayari, akanijibu, "Sawa, mjomba," akabadilisha mazungumzo.