Mbona Video za Bosi Ziliisha

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Yule mtoto wa jogoo ako wapi?" Wengine mmefikiri alirudi kwa mamake. Mmoja akaniambia nimeanza kuringa, ati nilipanda kwa mgongo wa mtoto halafu nikamficha. Basi leo nijibu mara moja. Ni andiko refu, kwa hivyo jimwagie chai kwanza.

Kwa wageni, nianze mwanzo. Dadangu yuko Saudia, Riyadh, anafanya kazi za nyumba. Mtoto wake alimwacha kwetu hapa Nakuru, kwa mamangu, ambaye siku hizi ploti nzima inamuita Shosho. Mtoto ana miaka sita. Jina lake sitalitaja. Nitamuita Bosi, kwa sababu ndivyo anavyojiona.

Mwaka jana alikuwa PP2. Muhula wa pili ukielekea kuisha, shule ikatuita. Orodha ya makosa ilikuwa ndefu: alipanda lango ili aone juu ya basi kuna nini, aliwafungulia kuku wa mpishi, na hajawahi kukaa kwa kiti dakika tano mfululizo. Mwalimu wake alikuwa na watoto karibu hamsini na sauti imemkauka. Simlaumu. Tukaambiwa kwa heshima tumtafutie mahali panapomfaa.

Usiku huo dadangu akapiga simu. Saa za Riyadh na za Nakuru ni zile zile, lakini yeye huwa huru watu wa ile nyumba wakishalala. Akasema, "Wewe si uko tu nyumbani? Mfundishe mpaka Januari, aingie Gredi ya 1."

Uko tu nyumbani. Nilimeza. Nilijua pia si mpango wa kudumu, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Haisemi popote kwamba anaweza kupelekwa kwa anti aliyeacha chuo mwaka wa pili. Lakini ilikuwa miezi michache tu, na mtoto ana akili. Nikasema sawa.

Jumatatu ya kwanza nilijipanga kama waziri wa elimu. Nikabandika chati ya herufi ukutani, nikaandika ratiba: saa mbili kusoma, saa tatu hesabu, saa nne mapumziko. Kengele ilikuwa sufuria na mwiko. Bosi akaangalia yote, mikono kiunoni, akauliza, "Na paredi?"

Hatukuwa na paredi.

"Basi hii si shule."

Kwa hivyo kila asubuhi tulisimama mbele ya mlango, mimi na yeye, tukaimba wimbo wa taifa. Majirani waliokuwa wanapita na ndoo za maji walisimama pia, kwa sababu wimbo wa taifa ni wimbo wa taifa. Saa mbili na dakika sita akainua mkono: "Mwalimu, naomba ruhusa ya choo." Nikampa. Saa tatu nilimpata kwa kibanda cha Shosho akiuza sukuma.

Hesabu ndiyo ilinimaliza.

"Bosi, kumi ongeza kumi ni ngapi?"

"Mbao!"

"Hapana, sema kwa Kiswahili cha shule. Hamsini ongeza hamsini?"

"Soo!"

Nikamwambia basi aandike ishirini. Akachora duara. "Hiyo ndiyo mbao," akaniambia polepole, kama mtu anayemwelewesha mgeni.

Nikaona nitumie maharagwe. Nikampa matano, nikamwambia ayahesabu. Niligeuka kuzima jiko, niliporudi yalikuwa manne mezani na Bosi amenyamaza. Kunyamaza kwa Bosi ni dharura. Lile la tano lilikuwa puani. Wueh! Nilipiga nduru mpaka Shosho akaacha wateja. Alikuja bila haraka, akambana pua ule upande mwingine, akamwambia, "Penga." Haragwe likaruka likagonga chati ya herufi. Mimi nalia, Shosho ananiuliza kama hivi ndivyo chuo kikuu walivyonifundisha, na Bosi anaangalia mezani. "Anti," akasema, "moja ikiingia kwa pua, zinabaki nne."

Kutoa, alikuwa ameelewa.

Sasa, mimi ni mtu wa kontenti. Maisha yangu yote yako kwa simu. Mngeniambia niache vitu kama hivyo vipite bila kurekodi? Nikaanza kurekodi masomo. Na ile video mliyoipenda sana ni ya wiki ya nne. Nimemwekea kitabu chenye picha, nimefunika nusu ya ukurasa, naye anasoma herufi: k, u, k, u. Anazitaja sawa kabisa. Namuuliza, "Sasa hiyo yote ni nini?" Anaangalia picha, ananiangalia, anasema kwa sauti ya hakimu, "Jogoo!" Mimi nacheka mpaka simu inatikisika. Anasisitiza, "Angalia kichwa! Huyo ni mwanaume!"

Mliitazama zaidi ya mara laki mbili. Sijawahi kupata namba kama hizo. Duka moja la nguo za watoto likanilipa elfu tatu nilitangaze. Nilimnunulia Bosi viatu, nikalipa deni la stima, nikajiona nimefika.

Halafu watoto wa ploti wakaanza kumuita Jogoo. Kijana wa miaka kumi hivi alikuwa na video kwa simu ya babake, akiicheza kila Bosi akipita. Mwanzoni Bosi alicheka nao. Siku ya tatu alirudi ndani kabla ya saa ya kurudi, akakaa. Yeye, mtoto asiyekaa. Nilifikiri ni mgonjwa.

Asubuhi yake nikafungua kitabu. "Haya, soma."

"Zima simu kwanza."

"Imezimwa, Bosi."

"Igeuze."

Nikaigeuza, uso chini. Akaiangalia muda mrefu, kisha akafunga mdomo. Hakusoma siku hiyo, wala wiki hiyo, wala iliyofuata. Paredi aliimba, maharagwe alihesabu, lakini nikileta kitabu anatikisa kichwa tu. Dadangu akapiga simu usiku, akamwomba amsomee maneno mawili tu. Bosi akaondoka mbele ya kamera. Dadangu akaniuliza, "Kwani hufundishi? Mimi nakaa huku kwa nini?" Sikuwa na jibu. Yeye pia aliicheka ile video, nilikumbuka. Aliwaonyesha wenzake.

Hapa nataka niwaambie kitu ambacho sijawahi kusema.

Nyote mnajua niliacha chuo kwa sababu ya karo. Hiyo ni nusu ya ukweli. Karo ilikuwa shida, ndiyo. Lakini kabla ya karo kulikuwa na siku moja ya mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa, somo la takwimu. Mhadhiri anafundisha namna ya kupima namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani. Nikainua mkono, nikauliza: namba ni tano, mbona tunagawanya kwa nne? Akanyamaza, akalirudia swali langu polepole kwa maikrofoni, akauliza kama kuna mwingine ambaye shule ya msingi hakufundishwa kugawanya. Ukumbi ukacheka. Jioni picha yangu nikiwa nimeinua mkono ilikuwa stika kwa kundi la WhatsApp la darasa, imeandikwa "Mbona nne?"

Nilicheka nao. Hata niliitumia ile stika mwenyewe, ili ionekane haijaniuma. Lakini sikuuliza swali tena. Usipouliza huelewi, usipoelewa unafeli, ukifeli unalipia mitihani ya kurudia, na hapo ndipo karo inakuja kukumaliza. Nyumbani nikasema karo. Karo ni jibu ambalo halina aibu.

Sasa nikakaa kitandani, simu mkononi, naangalia video ya mtoto wa miaka sita amekosea neno moja, na watu laki mbili wanamcheka. Nikajua nimemtengenezea stika.

Nikafuta. Ile na nyingine zote. Asubuhi nikamwambia, "Bosi, nimetoa video zote. Nilikosea. Nisamehe."

Akafikiria. Halafu akasema, "Sasa na wewe ukosee, mimi nicheke."

Ilikuwa haki. Akanitoa nje nyuma ya mabafu, mahali hakuna mtu, akachimba kashimo kwa kidole, akatoa bano mfukoni. Jamani, mimi sijui bano. Vidole vyangu vinajua kubofya simu tu. Ya kwanza ilienda kwa mtaro. Ya pili ilinigonga mwenyewe kwa mguu. Bosi alicheka mpaka akaanguka chini, na mimi nikacheka, na haikuniuma hata kidogo. Alipomaliza akafuta machozi, akaniwekea bano kwa kidole vizuri, akasema, "Rudia."

Nikarudia. Tulikaa hapo karibu saa nzima, "rudia", "rudia", mpaka moja ikaingia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kichekesho si shida. Mtoto anachekwa kila siku na watu wanaompenda, na yeye pia anawacheka. Shida ni kuchekwa na ukumbi, halafu ukumbi ukaenda nyumbani na kosa lako. Kosa linatakiwa lidumu dakika moja: umekosea, mmecheka, umerudia, limeisha. Sisi wa simu tunalichukua kosa la mtoto la dakika moja tunalifanya la miaka. Atakuwa Gredi ya 6, bado liko pale. Atatafuta kazi, bado liko pale. Na hakuna aliyemuuliza.

Najua mtaniambia, "Lakini ni ya kufurahisha tu, hatukumaanisha vibaya." Najua. Hata ule ukumbi haukumaanisha vibaya. Hata mimi.

Tulianza kusoma tena kule nyuma ya mabafu, amesimama, wakati mwingine ananing'inia kwa kamba ya nguo. Simu nilikuwa namwachia Shosho kwa kibanda. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kuna siku alikataa, kuna siku nilimfokea nikaenda kulala na hatia. Na kuna vitu havifundishwi kwa kuuza sukuma. Kusoma kunahitaji kurudia silabi zile zile mpaka mdomo uchoke. Lakini alirudia.

Siku moja nikampa vikombe vitano na maharagwe ishirini na tano. Nikamwambia agawe vile anataka, mradi yote yaishe. Cha kwanza akaweka matatu. Cha pili, manane. Cha tatu moja, kwa sababu hicho kilikuwa changu. Cha nne akaweka sita. Kufika cha tano akasimama, akaangalia yaliyobaki, akaudhika. "Hii haichagui. Inachukua tu zenye zimebaki."

Nilikaa chini, walahi. Namba tano, ukishajua wastani wake, nne ziko huru na ya tano haina la kuchagua. Inajulikana tayari. Ndiyo maana tunagawanya kwa nne. Swali langu halikuwa la ujinga. Lilikuwa swali zuri sana, na jibu lake lingechukua dakika tano na maharagwe. Nilikaa miaka mitatu nikijiita mjinga, nikaja kufunguliwa na mtoto aliyefukuzwa PP2.

Mwezi wa kumi na moja, dadangu alipiga simu usiku. Bosi alikuwa anamsubiri na daftari lake. Akamsomea sentensi tatu alizoziandika mwenyewe: "Mama njoo. Kuku ametaga. Shosho anakoroma." Kwa neno "anakoroma" alikwama mara mbili. Sikumsaidia. Dadangu hakucheka wala hakusema kitu, alingoja tu, mpaka neno likatoka. Kisha akazima kamera yake, akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ile sikuirekodi. Ingekuwa video yangu bora kabisa.

Januari alianza Gredi ya 1 katika shule nyingine. Nilimwambia mwalimu wake mambo mawili tu: anasoma vizuri zaidi akiwa amesimama, na akikosea ampe nafasi arudie. Mwalimu akaandika kwa daftari. Wiki ya kwanza nimeitwa mara moja tu, ati alitaka kuwauzia wenzake maharagwe. Hiyo kwetu ni maendeleo.

Mimi? Sijarudi chuo, na sijui kama nitarudi. Lakini nimetoa vile vitabu vya takwimu chini ya kitanda, na nikikwama nauliza. Sina haya tena.

Kwa hivyo jibu ndilo hilo. Video za Bosi hazirudi. Akifika miaka ya kuamua mwenyewe na akitaka kuwachekesha, atawachekesha, na ana kipaji kuliko mimi. Wewe nawe kama uko na video ya mtoto akikosea kusoma, najua inachekesha. Icheke nyumbani, halafu mwambie arudie.

Na jambo la mwisho. Juzi nimekifungua kile kitabu nikaiangalia ile picha vizuri. Ana upanga mwekundu kichwani na mkia mrefu kabisa. Herufi zilisema kuku, lakini yule, jamani, ni jogoo.