Siku Ishirini na Moja

Aliyelelewa katika vina na mizani hapati taabu kufahamu kwamba sheria nayo ina arudhi zake. Mtu aweza kuwa na wazo zuri mno, walakini mizani ikizidi wajuzi humrudishia shairi lake. Binti mmoja wa Mpanda, mwanafunzi wa sheria, aliyajua hayo kwa njia chungu zaidi.

Likizoni alishuka katika treni itokayo Tabora, pale reli inapokoma, mkobani mwake mkiwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Sheria hiyo ni ya 1966. Kabla yake Tanganyika ilitumia ile ya India ya 1908, na azilinganishaye huona mama na binti yake. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kitabu alichokibeba kilikuwa Kiingereza kitupu. Alikuwa amekwisha kukariri: Amri ya 8 humpa mdaiwa siku 21 tangu kupokea wito, awe amewasilisha utetezi wake kwa maandishi. Chuoni hilo lilikuwa swali la alama chache.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umefika."

Baba yake mdogo akatoa karatasi chini ya godoro: wito, na nakala ya hukumu. Mnunuzi wa mpunga, aliyemlipa kabla ya mavuno, alidai magunia yake hayakufika. Ilhali nusu yalikwisha kufika na mashahidi wapo. Mzee alikuwa na majibu, tena mazuri. Ila aliamini kesi ni maneno, kama barazani kwa wazee: siku ya kuitwa angesimama na kusema. Hakuandika hata mstari mmoja, na mahakama ikasikiliza upande mmoja.

Wasemao kwamba kanuni hizi ni ujanja wa mawakili hawakosi hoja. Lakini lau zisingekuwapo, mwenye sauti kubwa ndiye angeshinda kila siku. Kigumu ni kwamba siku 21 huhesabiwa sawasawa kwa aijuaye kanuni na kwa asiyepata kuisikia.

Hukumu ya namna hiyo yaweza kuombewa itenguliwe, mwombaji akionyesha sababu ya kutosha. Binti akachukua kalamu kuandaa kiapo. Mzee akaanza na baba yake alivyohamia Mpimbwe. Binti akamkatiza kwa adabu, akauliza tarehe ya wito tu.

"Andika kwamba karatasi haikunifika."

Kalamu ikasimama. Apelekaye wito hurudi mahakamani na nakala yenye saini ya mpokeaji. Hilo nalo alilisoma darasani.

"Baba, ulitia saini?"

Mzee aliutazama mwembe kwa muda mrefu. "Nilitia."

Akaandika basi yaliyokuwa: kwamba wito ulifika, kwamba uliwekwa chini ya godoro, kwamba mdaiwa alingoja siku ya kusema. Alipomsomea, mzee aliomba abadilishiwe neno moja tu. Pale palipoandikwa "nilipuuza", paandikwe "sikujua".

Yote mawili yalikuwa kweli. Binti akayaandika yote mawili.