Butembo: Moteri ya kupanda mulima ao moteri ya kurudi nyumbani?

Moteri ilikufa saa kumi za jioni, kwenye mupando, gari ikitoka Masereka kuelekea Butembo. Moshi mweupe ulitoka wa kwanza, kisha nguvu ikaisha, kisha kukasikika sauti kama ya mutu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Shofere akazima. Konvwayeri akaruka chini na kusukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Juu ya gari kulikuwa magunia kumi na sita ya viazi, kabichi, na wamama wawili wenye mali.

Kwa mutu wa mbali, gari kufia njiani ni hasara ya feza tu. Kwa shofere wa Kivu ya Kaskazini ni hesabu ya saa. Saa kumi na mbili na nusu giza limekwisha kuingia, na kwa miaka mingi barabara za teritware ya Beni na ya Lubero zimeona magari yakichomwa na wasafiri wakiuawa. Hakuna anayependa kulala kando ya muzigo wake. Siku ile Mungu alisaidia: lori moja lenye kushuka na mbao lilikubali kuwavuta kwa kamba. Walifika Butembo saa mbili za usiku. Wamama wale hawakusema neno njiani kote.

Kesho yake fundi alifungua. Kilasi ilikuwa imepasuka, pistoni moja imeyeyuka pembeni, na ukuta wa silinda umechanika. Gari ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye moteri 2L ya mazutu, lita 2,4. Shasi iko nzima, bwati ya vitesi iko nzima, mwili unavumilia. Kuiuza bila moteri ni kuitupa. Kutengeneza ile moteri kungekula feza nyingi karibu sawa na kununua ingine. Kukabakia njia moja: kutafuta moteri ya kutumika na kuiingiza ndani ya gari ileile.

Shofere huyu, baba wa watoto watano, alikuwa na dola 1.900. Sehemu moja ilitoka kwenye likelemba, na zamu yake nyingine haitafika mbele ya miezi kumi. Sehemu nyingine ilikuwa feza ya masomo ya binti yake anayeingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Muke wake alimuhesabia mbele ya meza, noti kwa noti, na kumuambia tu: «Baba watoto, hii ikipotea, hatuna ingine.»

Tangu siku ile kila mutu alikuwa na shauri.

Shemeji yake anayefanya biashara Kampala alimutumia picha kwenye simu: 1KZ-TE, lita tatu, yenye turbo. Bei nzuri, akasema, na gari itapanda kama simba. Kijana mumoja wa garaji alimushauri 1KD, ile ambayo watu wanaita D-4D, yenye nguvu zaidi tena isiyokunywa sana. Rafiki yake wa parking alicheka wote wawili: kwa nini usitie 1HZ, silinda sita, lita 4,2, ile ya Land Cruiser ambayo haifi?

Hakuna aliyedanganya. Turbo ina faida ya kweli katika inchi yetu. Milima ya Lubero inapita meta 2.000, na kule hewa ni nyepesi. Moteri ya mazutu isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kila meta 1.000 za kupanda. Yenye turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda na haisikii sana huo urefu. Kila shofere ameona jambo hilo kwa macho: yeye yuko katika vitesi ya pili, na gari yenye turbo inamupita ikipiga honi.

Lakini fundi, muzee wa zaidi ya miaka makumi tatu ndani ya mafuta, hakujibu kuhusu nguvu. Aliuliza: «Ndugu yangu, mbele ya kuchagua moteri mpya, niambie nani aliua hii.»

Shofere alinyamaza. Fundi akachukua radiatere ya zamani, akamimina maji upande wa juu. Chini yalitoka matone tu, rangi ya chai. Miaka mitatu ilikuwa ikijazwa maji ya kijito, yenye udongo na chumvi. Pangaboi lilikuwa limevunjika jani moja. Na shofere alikuwa anajua jambo lingine, ambalo hakumuambia hata muke wake: mwezi ule mushale wa joto ulikuwa umegusa wekundu mara tatu, na mara zote tatu aliweka maji na kuendelea, kwa sababu soko haingojei. Gari ya kubeba tani moja ilikuwa inabeba tani moja na nusu na zaidi.

«Basi ukiweka 1KZ hapa,» fundi akasema, «utaiua mbele ya mwezi.»

Kisha wakakaa juu ya magurudumu ya zamani, wakahesabu pamoja. 1KZ-TE inajulikana kwa jambo moja: ikipata joto kali, kilasi yake inapasuka upesi. Tena haiji peke yake. Haishikani na bwati ya 2L, kwa hiyo bwati inunuliwe pia. Vishikio vya moteri vikatwe na kuunganishwa upya. Inataka radiatere kubwa, bomba la moshi lingine, waya zake zote na kompyuta yake. Mara nyingi wauzaji wanakata waya wakati wa kutoa moteri kwenye gari, na munuuzi anagundua nyumbani. Ile bei nzuri ya Kampala ilikuwa nusu ya bei tu.

1KD ina shida nyingine: mazutu yenyewe. Pompa yake inasukuma mazutu kwa nguvu ya zaidi ya bari 1.000, ndani ya injekta zenye matundu madogo sana. Maji kidogo ao muchanga kidogo unaziharibu. Na shofere huyu ananunua wapi mazutu? Siku nyingi kwa kadafi, kando ya barabara, ndani ya bidoni ambayo jana ilikuwa na kitu kingine. Injekta ikifa, hakuna fundi wa kijiji mwenye mashini ya kuipima.

Na 1HZ? Kweli ni moteri ya nguvu na haina kompyuta. Lakini ni ndefu na nzito kwa Hilux ndogo. Mbele ingepaswa kukatwa, risoti za mbele zibadilishwe, na uzito wake uondolewe kwenye muzigo wa viazi.

Ikabakia familia ya 2L yenyewe: 3L yenye lita 2,8 na 5L yenye karibu lita tatu. Zote mbili zinakaa juu ya vishikio vya 2L na kushikana na bwati yake. Hazina turbo wala kompyuta. Zikisha kuwaka, zinataka waya mumoja tu wa kufungua mazutu kwenye pompa. Ukizima, waya unakatwa, mazutu inafunga. Waya ukiharibika usiku, konvwayeri anaweza kuvuta mwingine kutoka batri. Pompa yao inavumilia mazutu ya kadafi kama filtri inabadilishwa. Na vipande vyake viko Butembo, Beni, Lubero, hata katika duka la kijiji linalouza pia chumvi na sabuni.

«Nguvu yake ni kidogo,» shofere akasema.

«Ni kidogo,» fundi akakubali. «Lakini ikikufia Masereka, kuna mutu kule wa kuifungua.»

Juma lililofuata walienda Kasindi, kwenye mupaka wa Uganda, ambako moteri nyingi za kutumika zinapita. Njia ya kutoka Beni si ya kutembea kwa muchezo. Waliondoka asubuhi, pamoja na magari mengine, na shofere alishika feza ndani ya soksi.

Moteri ya kwanza ilikuwa 5L, imepakwa rangi ya feza, inang'aa. Muuzaji aliiwasha kwa batri na ikawaka mara moja. Shofere alifurahi. Fundi aliweka mukono juu ya chuma na kumuvuta pembeni. «Iko na moto tayari. Aliiwasha mbele yetu kufika.» Moteri iliyochoka inawaka vizuri ikiwa moto, ni baridi ya asubuhi inayoonyesha ukweli. Alifungua kifuniko cha mafuta moteri ikitembea, na moshi ukatoka kwa mapigo kama sufuria yenye kuchemka: pumzi ilikuwa inapita kando ya pistoni. Muuzaji alishusha bei mara mbili. Wakaondoka.

Walilala palepale, na asubuhi walikuwa wa kwanza kufika kwa muuzaji mwingine. Kulikuwa 3L chafu, yenye mavumbi na mafuta ya zamani, baridi kabisa. Iliwaka kisha kusua kidogo, moshi ukaisha upesi. Kwenye kifuniko hakukutoka kitu cha kuogopesha. Mafuta hayakuwa na rangi ya maziwa, ambayo inaonyesha maji yameingia ndani. Fundi alipima pumzi ya kila silinda kwa kipimo chake, na zote nne zilikaribiana. Bei: dola 1.200. Mutu wa jirani alikuwa na 5L nzima kwa 1.550.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulifanyika. Shofere alitazama ile 5L kwa muda murefu, maana ni moteri aliyoitamani, na feza ilitosha. Ilitosha kwa moteri, pamoja na usafiri na duane. Haikutosha kwa radiatere. Alimutazama fundi, na fundi akatazama barabara. Hakutaka kuchagua kwa niaba yake.

Alilipa 3L, akaomba karatasi yenye namba ya moteri ili asisumbuliwe njiani.

Mbele ya kuiingiza, fundi alibadilisha mukanda wa ndani, ule unaozungusha vali, kwani ukikatika, pistoni zinagonga vali na kila kitu kinakufa kwa sekunde moja. Hakuna anayejua mukanda wa moteri ya kutumika umetembea kilometa ngapi. Alibadilisha pompa ya maji, filtri na bujia za kupasha moto. Radiatere mpya ikawekwa, na pangaboi zima. Siku ya tatu gari iliwaka. Kwenye mufuko kulibakia dola makumi saba. Feza ya binti itarudi kwa safari, akamuambia muke wake, na safari hii alimusimulia pia kuhusu ule mushale mwekundu. Mama hakujibu upesi. Kisha akauliza: «Sasa utabeba magunia ngapi?»

Siku ya kwanza ya kurudi Masereka, mama mumoja wa wale wawili alikuwa akingoja na magunia yake. Shofere alipakia kumi, akasimamisha. Magunia matatu ya mama yakabakia chini.

«Si umeweka moteri kubwa?» akauliza kwa hasira. «Na zangu hizi?»

«Mama, zitafika kesho. Na mimi pia kesho nitakuwako.»

Kwenye mupando ule, gari ilipanda katika vitesi ya pili, polepole. Gari mbili zenye turbo ziliwapita na honi. Konvwayeri aliona aibu kidogo. Shofere alikuwa anatazama mushale, na mushale ulikaa katikati. Waliingia Butembo saa tisa na nusu, jua likiwa bado juu, na viazi viliuzwa siku ileile.