Mimea ya Miiba katika Nyua za Ulaya ya Kilosa

Tunda la dragoni, ambalo huzaliwa na mmea wa jamii ya mpungate, yaani mimea isiyo na majani ya kawaida na inayohifadhi maji ndani ya shina, limeanza kupandwa majumbani nchini Tanzania katika miaka ya karibuni, na vijana wanaouza pingili zake huzinadi kana kwamba ardhi ya wilaya ya Kilosa haijawahi kupokea mmea mgumu wa miiba kutoka Amerika. Dai hilo linamkera mtu yeyote aliyekulia upande wa Kimamba, Rudewa au Ulaya wilayani humo wakati mkonge, wenye asili ya Meksiko, ulipokuwa riziki ya wilaya.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye katika miche takriban 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida alibakiwa na 62 tu iliyo hai. Tarehe hiyo ni sahihi, ila haina harufu. Korona, yaani mtambo wa kuchana majani ya mkonge ili nyuzi zibaki peke yake, ilimwaga makapi mabichi yaliyochacha juani, na ule uchachu wake uliganda katika nguo za manamba, kama walivyoitwa vibarua wa mkataba waliotoka mikoa ya mbali, ukarudi nao nyumbani jioni, ukalala nao. Uani, mkonge ulikuwa mali ya kila mtu: mlingoti, yaani mhimili mrefu wa maua ambao mmea huutoa mara moja kabla ya kufa, ulikaushwa ukawa boriti ya banda la kuku, na vichipukizi vilivyoota juu yake vilipandwa kuwa uzio pamoja na minyaa, ambayo utomvu wake mweupe huunguza macho, hivyo mbuzi na watoto wakajifunza mipaka kwa pamoja. Mche wa uzio haukuuzwa. Uliombwa kwa jirani baada ya hodi na salamu.

Baadaye kamba za plastiki zilishusha bei ya katani, yaani nyuzi za mkonge, mashamba mengi yakaota vichaka, na matofali ya saruji yakachukua nafasi ya uzio hai.

Sasa pingili ina bei, lakini maarifa hayauzwi pamoja nayo. Pingili ya dragoni inapaswa kukaa kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, la sivyo huoza. Kisha shina lake hupanda kwa mizizi ya hewani juu ya nguzo imara, yenye tairi kuukuu kileleni ili matawi yaning'inie, na mlingoti, hata ungepatikana, haungefaa kwa kuwa ni mwepesi mno. Udongo mzito wa bondeni, unaotuamisha maji ya masika, huozesha mizizi, kwa hiyo mmea hupandwa juu ya tuta. Maua huchanua usiku mmoja na kunyauka asubuhi, na baadhi ya aina hazijichavushi, yaani haziwezi kuzaa kwa chavua yake yenyewe, jambo ambalo mwenye shina moja huligundua baada ya kungoja matunda bure.

Kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya au Mikumi na amuulize muuzaji pingili hiyo ni ya aina gani na kama inajichavusha. Asiyeweza kujibu hastahili kulipwa.