Vizibo vya Nateete

Asubuhi makondakta wa Nateete hunadi "Kampala! Kampala!" kana kwamba hapo walipo si Kampala. Mwaka 2017 niliishi kule, ndani kidogo ya barabara ya Masaka, jirani na shule yenye jina la Alexander Mackay, mmisionari fundi wa Kiskoti aliyekaa Nateete miaka ya 1880 akichapa maandiko na kufua vyuma. Mackay alifia Usambiro, upande wetu wa ziwa, mwaka 1890. Mwenye nyumba wangu aliposikia natoka Mwanza, salamu yake ya kwanza ilikuwa madai: "Ninyi ndio mlitumalizia Mackay, mkaturudishia mifupa!"

Alikuwa sista mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Jjajja, mimi nilimwita Sista, na yeye aliniita Musawo kama wanavyoitwa madaktari wote huko. Zama za Idi Amin alikimbilia Nairobi, akafanya kazi ya wodi huko miaka kadhaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. "Wewe Musawo, kuja hapa," angesema, na ungekwenda.

Nilikuwa nasomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Anayesomea ubingwa Uganda huitwa SHO, na usiku yeye ndiye mkubwa wa wodi: chini yake intani, pembeni yake wakunga wanaoijua kazi kumshinda, juu yake bingwa aliye mwisho wa simu. Mkono wangu ulikuwa umefundwa vizuri, kisu nilikishika. Kuwaongoza watu ndiko nilikotarajiwa kuokota njiani. Mara moja tulipelekwa semina ya uongozi hotelini: slaidi, chai, cheti. Mkufunzi alikuwa mtu mwema na hakusema uongo hata mmoja. Ila wagonjwa wake wote wa mifano walikuwa na damu tayari kwenye friji.

Sista alikitazama kile cheti, akaingia ndani, akarudi na kopo la vizibo vya soda. Akamwaga vitano kwenye stuli. Akina mama watano wanangoja upasuaji, akasema; chumba kimoja, mtu wa usingizi mmoja. Panga. Kizibo cha Mirinda ni mama aliyepasuka kizazi, cha Stoney ni yule mwenye kovu la upasuaji na uchungu umeanza, na kadhalika. Nikapanga upesi, Mirinda mbele.

"Damu ya Mirinda haijafika."

"Naanza hivyo hivyo, huku damu inatafutwa."

"Nani anaitafuta?"

Nikasema intani. Akaniuliza intani huyo amekula saa ngapi, na akitoka, mtoto anayehitaji kupumulishwa kule mwisho wa wodi anabaki na nani. Nikapanga upya. Akagusa Stoney, niliyemsukuma hadi nafasi ya nne. "Huyu umemrudisha nyuma. Nani amemwambia?"

"Mkunga atamwambia."

"Mkunga ako na wazazi kumi na wawili. Enda mwenyewe. Mwambie atangoja mpaka saa ngapi na ni kwa nini, mbele ya mama mkwe wake. Ukimtuma intani, umemfundisha intani kukimbia."

Tulicheza hivyo jioni nyingi nisipokuwa zamu, mbu wa mfereji wa Nalukolongo wakitufanya karamu. Alikuwa mkali, tena mwonevu: mara umeme umekatika, mara mtu wa usingizi amefiwa. Lakini ni kwenye ile stuli nilipojifunza kusema "sijui, nampigia bingwa" kwa sauti ambayo wodi nzima inaisikia.

Alinisimulia habari za Matthew Lukwiya. Najua kila daktari Uganda anazo, ila Sista alizisimulia kwa jicho la wauguzi. Oktoba 2000 Lukwiya, tayari kiongozi wa hospitali ya Lacor kule Gulu, alikuwa Kampala, mwanafunzi tena, akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akaacha darasa, akapanda kwenda Gulu, akakesha akipitia mafaili, akawasiliana na wizara bila kungoja barua ipite ngazi zote. Ilikuwa Ebola. Wahudumu wenzake walipoendelea kufa, wauguzi walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe; alikaa nao, akawasikiliza, akawaambia ikifungwa naye ataondoka Gulu asirudi. Alifariki 5 Desemba 2000. Mlipuko ule uliua watu 224, kumi na watatu kati yao wahudumu wa Lacor.

Watu husimulia ushujaa wake. Sista alisisitiza hatua iliyotangulia: "Alikuwa ameshapanga wodi ya kutenga kabla maabara ijibu."

Novemba mwaka ule ule wa 2017 chama cha madaktari, chini ya Ekwaro Obuku, kiliitisha mgomo kudai mishahara na vifaa. Mimi mgeni, nilidhani Sista atanihubiria wito. Wapi! Alisema madai ni ya haki, kisha akauliza ufunguo wa kabati la dawa za dharura ameshikilia nani, na kama huyo mtu analala karibu. Nilikwenda kuuliza. Hakuna aliyekuwa na jibu moja. Kufikia jioni tukawa nalo, na karatasi yenye majina ikabandikwa mlangoni.

Sasa mimi ndiye bingwa wa mwisho wa simu. Mwaka 2022 Ebola iliporudi Uganda, mmoja wa madaktari waliokufa alikuwa Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko. Wiki ile niliwaita wanaosomea ubingwa kwetu, nikamwaga vizibo mezani. Mmoja akauliza zoezi lina maksi ngapi. Nikamwambia halina, na kwamba mtu wa usingizi amefiwa.