Mzaha wa Goli la Mkono

Katika mambo yaliyogeuka mbele ya macho yangu hapa Chemba, tangu tulipokuwa sehemu ya Kondoa hata tukapewa wilaya yetu wenyewe, liko moja ambalo sijaona mtu akiliandika, nalo ni namna watu wanavyoupokea mzaha wa mwanasiasa juu ya kura zao. Mwaka 2015 mtu alisema kwamba chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono, na hapa kwetu wakacheka waliokuwa upande wake na waliokuwa upande wa pili, kisha naye akapata ubunge na uwaziri. Mwaka 2024 mtu yule yule alisema jambo lisilokuwa mbali na lile la kwanza, asicheke mtu, na kabla ya juma moja kwisha alikuwa amekwisha kuondolewa katika Baraza la Mawaziri. Kati ya kauli mbili hizo ipo miaka tisa, nami niliiishi yote hapa hapa, mwalimu mstaafu asiye na shughuli kubwa zaidi ya shamba la alizeti na baraza la jioni, kwa hiyo nitasimulia kadhia hii kama nilivyoiona.

Yafaa kwanza nilieleze goli lenyewe, maana vijana wetu hulitaja bila ya kulijua. Tarehe 22 Juni 1986, huko Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliupiga mpira kwa mkono ukaingia katika lango la Uingereza, mwamuzi asione, goli likahesabiwa. Argentina wakashinda 2 kwa 1, na mwisho wa mashindano wakalichukua kombe. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni zama zile, kwa hiyo goli lililotazamwa na ulimwengu sisi tulilisikia tu kwa Radio Tanzania, na picha yake tukaiona katika gazeti lililofika limechoka kwa vumbi la barabara ya Dodoma. Hata hivyo watoto wa shule niliyokuwa nikifundisha walilitia katika chandimu yao, wakawa kila atakayegusa mpira kwa mkono hupaza sauti akajiita Maradona, na ugomvi ukaanza, nami nikaitwa niamue.

Hali ya mwaka 2015 haisahauliki kwa aliyekuwapo. Mwezi wa Julai vikao vya CCM, chama tawala, vilikaa Dodoma mjini na jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyetaka kugombea urais, likakatwa. Mwezi haujaisha akahamia chama cha upinzani cha Chadema, akasimamishwa kugombea urais na umoja wa vyama ulioitwa UKAWA. Agosti 23, katika uzinduzi wa kampeni za CCM pale Jangwani, Dar es Salaam, Rais mstaafu Benjamin Mkapa akawaita wapumbavu na malofa wale waliojinadi kuwa wanakuja kuikomboa nchi, na haukupita muda vijana waliokuwa wakipakia magunia ya ufuta kandokando ya barabara kuu walikuwa wakiitana “lofa mwenzangu” kwa fahari ya mtu aliyevikwa joho. Goli la mkono la Nape Nnauye, aliyekuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, lilitua katika uchangamfu huo huo. Mnadani, mfanyabiashara wa ng’ombe alipomzidi mwenzake bei alisema amemfunga goli la mkono. Mtoto aliponyakua nyama ya mwenzake katika sinia alisemwa hivyo hivyo. Oktoba 25 tukapiga kura, John Magufuli akapata asilimia 58 na Lowassa karibu 40, na walioshindwa wakasema ndilo lile goli tuliloahidiwa, walioshinda wakajibu kwamba filimbi imekwisha kulia. Desemba mwaka ule ule Nape akawa waziri wa habari, utamaduni, sanaa na michezo, nami sikumbuki mtu hata mmoja barazani kwetu aliyesema kwamba kauli ile ilipasa kumzuia.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini tulicheka, na jawabu nililolipata ni kwamba tuliichukua kauli ile kuwa ni utani, na utani kwa watu wa nyanda hizi, wawe Warangi, Wagogo, Wasandawe au Waburunge, si jambo la ovyo. Mtani huweza kuja msibani akajilaza katika kaburi lililokwisha kuchimbwa, asitoke mpaka alipwe, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikoroma, na wafiwa wasione vibaya, kwa kuwa wanajua kwamba siku ya msiba wake na wao watakwenda kujilaza vivyo hivyo. Utani hutaka pande mbili zinazoweza kulipana, na mwaka 2015, hata kama mizani haikuwa sawa sawa, pande mbili zilikuwapo: aliyetishwa kwa goli la mkono aliweza kujibu kwamba naye ana miguu.

Kicheko kilianza kufa mwaka 2019, na kilifia katika ubao wa matangazo. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipangwa Novemba 24, na katika kijiji nisichopenda kukitaja, majina ya wagombea wa upinzani yalibandikwa yakiwa yamepigwa mstari, huyu kwa kuwa amekosea kuandika kazi anayoifanya, yule kwa kuwa jina la babu yake limepungua herufi, ilhali wote wawili ni wakulima ambao kijiji kizima kinawajua, na babu zao vile vile. Habari za namna hiyo zilisikika nchi nzima. Chadema na vyama vingine vikatangaza kujitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti vya uenyekiti wa vijiji. Mmoja wa waliokatwa alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Wenzake walipomchokoza barazani kwa habari za goli la mkono, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba katika goli la mkono timu zote mbili huwa zimekwisha kuingia uwanjani. Tangu jioni ile sikulisikia tena neno lile likitajwa kwa kuchekesha, na uchaguzi mkuu wa mwaka uliofuata, ambapo Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84 na huku mkoani mwetu jimbo la Kongwa halikupiga kura ya mbunge kwa kuwa aliyekuwapo amepita bila kupingwa, haukulirudisha.

Mwenye mzaha naye alikuwa amepitia yake. Machi 2017, siku moja baada ya kupokea ripoti ya kamati iliyochunguza uvamizi wa kituo cha utangazaji cha Clouds, aliondolewa uwaziri, na alipotaka kusema na waandishi wa habari mtu mmoja akamtolea bastola hadharani. Video ile tuliitazama kwa zamu katika simu ya muuza duka, na watu wasiompenda wakamwonea huruma. Mwaka 2019 mazungumzo ya simu ya Nape yakasambaa, akaenda Ikulu kuomba radhi, akasamehewa. Ukiyatazama hayo kwa pamoja, utamwona mtu ambaye ulimi wake umempandisha na kumshusha zaidi ya mara moja, na kila mara ukubwa wa kosa ulipimwa na waliokuwa juu yake, si sisi tuliokuwa chini.

Hilo lilidhihirika mwanzoni mwa 2022, na lilidhihirikia jirani kabisa. Siku za mwisho za Desemba 2021, Spika Job Ndugai, mbunge wa Kongwa, akizungumza jijini Dodoma katika mkutano wa kikundi cha Wagogo kiitwacho Mikalile ye Wanyusi, alilalamikia mikopo, akataja deni la taifa la shilingi trilioni 70, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Tulizisikia habari hizo tukiwa mnadani, katikati ya mbuzi na punda, na kijana mmoja akauliza, ikiwa ni hivyo, ushuru atakusanya nani. Januari 3 Spika akaomba radhi. Januari 4 Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, akajibu, akiyahusisha maneno yale na uchaguzi wa 2025. Januari 6 Spika akajiuzulu, wa kwanza kufanya hivyo tangu nchi hii iwe na Bunge. Kwa upande wangu niliona kwamba hakutukana mtu. Aliuliza swali la hesabu, ijapokuwa aliliuliza kwa namna ya kutisha, na mkopo aliousema, ule wa trilioni 1.3, ulikuwa umejenga madarasa 15,000 nchini, mengine yakiwa katika vituo shikizi vya watoto waliokuwa wakitembea pori kwa pori, kwa hiyo swali lake lilikuwa na majibu ya haki kama mtu angetaka kujibu. Hata hivyo kiti kiliondoka. Na siku mbili baadaye, Baraza la Mawaziri lilipopangwa upya, Nape Nnauye akarudi kuwa waziri wa habari.

Sasa ndipo ilipokuja kauli ya Bukoba. Katikati ya Julai 2024, ikiwa imebaki miezi minne tu kufika uchaguzi wa serikali za mitaa, waziri alisimama mbele ya watu wa mji ule akawaambia kwamba matokeo ya kura si lazima yawe yale yaliyomo katika sanduku, kwamba jambo lategemea nani anahesabu na nani anatangaza, kwamba njia za ushindi ziko za halali, za nusu halali na za haramu, na kwamba mtu akimaliza humwomba Mwenyezi Mungu msamaha. Zama za redio kauli kama ile ingetufikia imekwisha kupozwa na mhariri. Safari hii ilitufikia na sauti yake na tabasamu lake, na walioitazama baada ya sala ya alasiri walikaa kimya.

Sheikh wetu ndiye aliyeanza. “Mwalimu,” akaniambia, “hukumu za sharia tumefundishwa tano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Hii nusu halali imesomwa chuo gani?” Watu wakatabasamu kwa ajili ya sheikh. Kisha akaendelea, bila ya mzaha tena, kwamba toba ina masharti yake, kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia, na ikiwa dhambi yenyewe imegusa haki ya mja, liko sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake. Sasa kura ya mtu huyu wa Chemba, akasema, itarudishwa kwa njia gani, ilhali miaka mitano imekwisha kupita? Hakuna aliyemjibu. Mama anayetuuzia chai, ambaye mwaka 2019 mwanawe alikuwa miongoni mwa waliopigwa mstari, alikuwa amesimama nyuma yetu na birika mkononi, akasema polepole, “Basi kumbe hatukukosea kujaza.”

Waziri alieleza kwamba ule ulikuwa utani, na mimi naamini kwamba alikusudia utani, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa siku zote. Tatizo lilikuwa kwamba mwenzake katika utani hakuwapo tena. Maneno ambayo mwaka 2015 yalikuwa majigambo ya mchezaji kabla ya mechi, mwaka 2024 yalisikika kama ungamo, na hali mzungumzaji hakubadilika hata kidogo. Chama chake kikajitenga na kauli ile, na Julai 21 ikatoka taarifa ya Ikulu kwamba uteuzi wake umetenguliwa, pamoja na wa January Makamba aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Taarifa haikutaja sababu, kwa hiyo kila mtu akaitia sababu yake, na hapa kwetu waliosema “ni kwa ajili ya Bukoba” walikuwa wengi kuliko wengine wote.

Wengine walifurahi kwa kuondolewa kwake. Mimi sikufurahi, kwa sababu niliona mapema yatakayofuata, nayo yalifuata. Kampeni za Novemba zilipofika, wazungumzaji waliokuja vijijini kwetu walisoma katika karatasi: maji, zahanati, barabara, bwawa la Farkwa. Kijana akiinua simu alitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Hakuna aliyetania, na hakuna aliyetuambia lolote kuhusu wahesabuji, jema wala baya. Tulikuwa tumewafundisha kunyamaza, na kunyamaza wamejifunza vizuri.

Mwanafunzi wangu alichukua fomu tena. Safari hii aliniletea nyumbani, nikaipitia herufi kwa herufi kama nilivyokuwa nikipitia insha zake, na jina lake likarudi bila ya mstari. Akaniomba niwe wakala wake. Novemba 27 nilikaa kituoni tangu asubuhi hata sanduku likafunguliwa, nikaona kila karatasi ikiinuliwa na kusomwa, nikahesabu kwa penseli yangu mwenyewe, akashindwa. Nchini kote CCM ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya viti, na siwezi kuwa shahidi wa vituo nisivyokaa, lakini kwa kituo kile mimi ni shahidi, na jioni nilisema barazani kwamba kijana wetu ameshindwa kwa haki. Hakuna aliyenikubali, hata sheikh, hata waliompigia kura mshindi, na yule mama wa chai, akinimiminia kikombe, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, nani amekuomba useme hivyo?”