Kuku Walihamaje?

Nilianza kuandika maisha ya watu wengine kabla sijafikiria kuandika yangu. Miaka ile ya sabini, huku kwetu Vihingo, mkoani Pwani, mtoto aliyefika darasa la tano alikuwa karani wa mtaa mzima. Waume na vijana wengi walikuwa Dar es Salaam wakitafuta riziki, na waliobaki nyumbani walitaka mtu wa kuwaandikia barua. Ujira wangu ulikuwa muhogo wa kuchoma, embe au dua, na nisiseme uongo, dua ndiyo iliyokuwa nyingi.

Barua ilikuwa na sheria zake. Ilianza kwa salamu, ikafuata hali yangu ni njema, hofu ni kwako uliye mbali. Kisha zikaja salamu za mjomba, za shangazi, za jirani wa kulia na wa kushoto, mpaka ukurasa ukajaa. Habari yenyewe ilibanwa mwishoni: mtoto amefariki, mvua imekataa, mkeo amerudi kwao. Nilimwandikia mama mmoja aliyekuwa akilia huku akinitajia maneno, na barua yake ikasomeka kama ya mtu asiye na shida yoyote. Hapo hapakuwa na unafiki. Ilikuwa sitara. Mtu hamwagi moyo wake mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye kesho atakwenda kucheza na wanawe.

Halafu likaja darasa la ngumbaru. Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na jioni ungewaona kina mama chini ya mwembe, kanga kifuani, vitoto mgongoni, wakiandika a-e-i-o-u. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 wakatajwa kuwa chini ya asilimia 10. Mimi takwimu hizo niliziona kwa namna yangu: wateja walipungua. Shangazi yangu alipomwandikia mumewe barua ya kwanza kwa mkono wake, nilimwomba niisome nimsahihishie. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Haya si yako, baba," akaniambia. Miaka yote niliyomwandikia, kumbe yalikuwapo maneno ambayo hayakupata kupita mkononi mwangu.

Hata hivyo, mtu kukaa akaandika maisha yake mwenyewe, hilo halikuwapo. Maisha yalisimuliwa kwenye matanga au barazani, nayo yalisimuliwa na wengine. Nilipokuwa Kibaha, nikijiandaa kuwa mwalimu, nikakutana na *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert. Jina lake nilikuwa nikilijua kwa mashairi. Kilichonishangaza ni kwamba aliyekuwa akijieleza humo alikuwa karani wa serikali, mtu wa forodha, anayehamishwa kituo hadi kituo kama mtumishi yeyote. Aliandika habari za nyumba yake, za ndoa, za msiba wa mkewe Amina. Baadaye sana, mwaka 2002, Profesa Mulokozi alipotoa barua ambazo Shaaban alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, nikaelewa alijifunzia wapi. Mtu aliyemwandikia ndugu yake kwa miaka yote hiyo hawezi kukosa la kusema juu ya nafsi yake.

Yupo na mwingine anayetuhusu zaidi sisi Wazaramo, nami huona ajabu kwamba hatumtaji. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa upande wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo utakuta uzazi, jando, harusi, mazishi, madeni, karibu kila kitu cha pwani. Yeye mwenyewe humwoni. Na maisha yake yalikuwa kisa kizito: alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 walipotaka kurudi huku, utawala wa kikoloni ukakataa mke huyo wa Kizungu ashuke na mumewe Mwafrika. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Alikuwa na kalamu, alikuwa na kisa, lakini kisa chake tunakisoma kwa wanahistoria waliofukua majalada. Aliulizwa desturi za watu wake, akajibu. Swali la maisha yake mwenyewe, sidhani kama wakubwa wake walikuwa na haja nalo.

Mimi daftari langu nililifungua baada ya kustaafu. Nikaanza na Operesheni Vijiji, maana ndiyo iliyotuleta mahali tunapoishi hadi leo. Nikaweka tarehe: Novemba 1973, tangazo kwamba kuishi vijijini sasa ni amri; 1976, mwisho wa kazi hiyo. Nikaeleza shabaha za ujamaa, maji, shule na zahanati. Kurasa zikapendeza. Jioni moja nikamsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akatema mate ya ugoro, kisha akauliza:

"Na kuku?"

"Kuku gani, mama?"

"Kuku wetu. Walihamaje?"

Sikukumbuka. Akanieleza. Walikamatwa usiku wakiwa wamelala, wakatiwa kwenye tenga, wakabebwa kichwani. Asubuhi yake walipofunguliwa, wengi wao wakarudi walikotoka. Mama akawa anakwenda mahame kila jioni kuwafuata, na huko akawa anakaa kidogo chini ya mikorosho aliyoipanda mwaka alioolewa. Baba hakujua. Alidhani kazi ya kukamata kuku ni ndefu.

Kisa hicho hakimo katika taarifa yoyote ya serikali wala kitabu cha chuo kikuu. Tangu siku hiyo, kila ukurasa naupima kwa maswali ya mama: tulikula nini, nani alibeba nini, nauli ilikuwa shilingi ngapi, nani alinuna. Tarehe naziacha, ila zikae nyuma ya watu.

Sitara bado inanisumbua. Wapo wanaosema mwandishi wa maisha yake aseme yote. Mimi sikubaliani nao. Mambo ya mtu aliye hai, tena jirani ninayeswali naye msikiti mmoja, siyaandiki mpaka nimuulize. Lile la mikorosho nilimwomba mama ruhusa. Akacheka, akasema aliyepaswa kufichwa amekwisha tangulia.

Siku hizi barua hakuna, vijana hutumiana sauti kwa simu, na ukarani wangu umerudi kwa mlango mwingine. Naletewa karatasi niandike wasifu wa marehemu, tena haraka, kaburi linachimbwa. Alizaliwa, alisoma hadi darasa fulani, alianza kuugua, mauti yakamfika, ameacha mjane na watoto. Robo ukurasa kwa mtu wa miaka themanini! Wakubwa wetu hawangoji hivyo: Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa rais, mzaliwa wa Kivure katika mkoa wetu huu wa Pwani, alitoa *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu* Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 96, nacho ni cha Kiswahili. Lakini rais hakosi wa kumuuliza maswali. Mchoma mkaa wa Vihingo, mama muuza mihogo wa Mzenga, nani atawauliza?

Wewe unayesoma hapa, kama mzazi wako yu hai, nunua daftari wiki hii. Mwamkie, kaa chini, usianze na mwaka aliozaliwa. Anza na kuku, na kila jina atakalolitaja liandike kamili.